Wageni wa Alvin Joubert Bungeni

Alvin Joubert alizaliwa Scotlandville, kaskazini mwa Baton Rouge, mahali ambapo upepo ukigeuka, nguo zilizoanikwa uani huingia ndani zikinuka kiwanda cha mafuta. Baba yake alifanya kazi kiwandani humo hadi moyo ulipomwangusha. Alvin wakati huo alikuwa mwaka wa kwanza pale Southern, chuo cha watu weusi kilichojengwa juu ya ukingo wa mto, na alikuwa akipiga ngoma katika bendi ya chuo. Watu wa mtaani wanakumbuka alivyokuwa akipita na ile ngoma kubwa tumboni, magoti yanapanda kama ya farasi. Baba alipozikwa, Alvin alirudisha ngoma na sare, akaenda kupakia barafu na kamba wa mtoni kwenye malori. Chuo hakukirudia tena.

Baadaye alipata kazi ya usafi katika jengo la Bunge la jimbo la Louisiana. Ukifika Baton Rouge huwezi kulikosa jengo hilo: ni mnara mrefu mweupe uliosimama peke yake kando ya mto, unaonekana ukiwa ng'ambo ya daraja. Siku ya kwanza alikabidhiwa kwa mwanamke mmoja mwembamba, mrefu, aitwaye Earline Dunbar, aliyemtazama viatu kwanza kabla ya kumtazama uso.

"Hivyo vitakutelezesha," alimwambia. "Kesho uje na vya mpira. Na usinionyeshe nguvu zako hapa, mdogo wangu. Marumaru haitaki nguvu, inataka subira."

Akamfundisha kupiga deki ule ukumbi mkubwa wa mbele bila kuacha michirizi. Akamfundisha pia kunyamaza wabunge wakigombana kwenye korido, kwa sababu, alisema, ukuta haujawahi kuitwa kutoa ushahidi. Walifanya kazi pamoja miaka mingi. Walikula chakula cha mchana chumba kimoja kule chini, kati ya madebe ya sabuni. Odile, mke wa Alvin, alipougua na kulazwa muda mrefu, Earline ndiye aliyekuwa akija na sufuria ya wali na maharage mekundu, anaiacha barazani, anabisha mlango mara moja na kuondoka kabla hajashukuriwa. Alvin alimwita dada. Mwenyewe hakuwa na dada.

Basi huyo ndiye mtu ambaye Alvin alimfanyia alivyomfanyia.

Jambo lilianza kwa simu. Corinne, binti pekee wa Alvin na Odile, alikuwa amekwenda Chicago kusomea uuguzi, na huko akapata mchumba, kijana mpole wa maneno machache aitwaye Wendell Hargrove. Baba yake Wendell alikuwa daktari wa meno. Mambo yalipokomaa, daktari aliona si vizuri watu watakaokuwa ndugu wasijuane hata sauti, akapiga simu Baton Rouge. Alikuwa mtu wa kucheka, na mazungumzo yalikwenda vizuri, hadi alipouliza, kwa nia njema tu, bwana Joubert anajishughulisha na nini.

"Niko Bungeni," alisema Alvin.

"Ooh. Siasa?"

Hapo palikuwa na nafasi. Alvin mwenyewe husema hivyo: palikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi moja na kusema kweli. Badala yake alijisikia akisema, kwa sauti ambayo hakuitambua, kwamba hapana, siasa hapendi, yeye yuko upande wa utawala wa jengo.

Odile alikuwa anakatakata vitunguu. Simu ilipokatwa alimgeukia mumewe, kisu mkononi.

"Utawala wa jengo," alisema.

"Ningemwambia nini?"

"Utawala wa jengo," alirudia Odile, safari hii akicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia na akarudi kwenye vitunguu vyake. Alimshauri apige simu tena siku hiyohiyo, jambo likiwa bado dogo. Alvin akasema atapiga. Hakupiga.

Corinne hakuwa na habari ya uongo huo. Yeye alikuwa amemwambia Wendell tangu mwanzo kwamba baba yake ni msafishaji, na Wendell alilisikia kama unavyosikia kwamba mtu fulani ni mrefu au mfupi. Kuwaeleza wazazi wake hakukumjia akilini. Hivyo uongo wa Alvin ulikaa salama kwa miezi kadhaa, ukinenepa bila kulishwa.

Majira ya kuchipua yalipofika, wakwe walitangaza safari. Daktari Hargrove na mkewe Thelma wangekuja kwa siku chache kabla ya arusi, wakutane na familia, na waone mji. Mama Thelma hakuwahi kukanyaga Kusini maishani mwake, ingawa mama yake mzazi alitoka huko, kutoka kijiji kimoja cha Mississippi, akakimbilia kaskazini akiwa msichana na hakurudi hata kuzika. Daktari alikuwa ameshasoma mahali kwamba Baton Rouge kuna mambo ya kuona, akayataja kwa simu moja baada ya jingine: yule chui milia anayefugwa chuo kikuu cha jimbo, lile Bunge la zamani lililojengwa kama ngome ya mfalme, vilima vya udongo vilivyojengwa na watu wa kale, matembezi juu ya tuta la mto. "Lakini la kwanza kabisa," alisema, "ni Bunge. Utatupitisha mwenyewe. Si kila siku mtu anapata mwenyeji wa ndani."

Alvin hakulala vizuri wiki hiyo. Alipanga ziara kama jemadari anayepanga kurudi nyuma. Bungeni wangekwenda Jumamosi, kwa kuwa Jumamosi wenzake hawapo. Walinzi wa zamu ya Jumamosi hakuwa na mazoea nao. Wangeingia mlango wa mbele kama watalii wengine, wapande lifti hadi roshani ya juu, watazame mto, washuke, waende kwingine. Alinyoosha suruali yake ya kanisani. Alinunua viatu vipya vya ngozi, vyenye soli ngumu inayolia sakafuni, vya aina ileile aliyokatazwa na Earline siku ya kwanza.

Jumamosi hiyo Corinne na mama yake walikwenda kwa fundi kujaribu gauni, Wendell akawaendesha. Alvin akabaki na wakwe wawili na ramani kichwani.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, ile mvua ya Louisiana inayomwagika kama mtu amepindua pipa, kisha jua likatoka na kila kitu kikaanza kufuka mvuke. Walitembea kwanza kwenye bustani ya mbele, chini ya mialoni. Daktari Hargrove alipiga picha kila kitu. Kwenye ngazi za Bunge, ambazo kila moja imechongwa jina la jimbo, aliinama akitafuta Illinois, na alipoipata akasimama juu yake kifua mbele kama aliyeinunua. Mama Thelma alicheka. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, mwenye macho yanayokaa kwenye kitu kwa muda kabla ya kuhama. Alikuwa ameanza kumpenda Alvin. Njiani alimwambia kwamba ana sauti ya watu wa kwao, watu ambao yeye aliwajua kwa hadithi tu.

Wakaingia ukumbini.

Ni ukumbi wa kutisha kidogo, hata kwa aliyeuzoea. Dari iko mbali, nguzo zinang'aa, sanamu zinakutazama kutoka kuta zote. Siku hiyo sakafu ilikuwa imetoka kusafishwa. Alvin aliliona hilo kabla ya kitu kingine chochote. Alijua mkono uliopita pale. Baadaye aliambiwa kwamba kulikuwa na hafla ya watu fulani jioni, na Earline ameombwa aje kuandaa ukumbi. Lakini wakati ule hakuhitaji kuambiwa. Daktari Hargrove alikuwa ameshatembea hadi katikati, shingo imepinda, akitazama dari, na nyuma yake kulikuwa na mstari wa nyayo za matope.

Earline alitokea nyuma ya nguzo na ndoo yake.

Alimwona Alvin, akaona suruali ya kanisani, akaona wageni, na akaelewa mara moja ni akina nani. Alikuwa akisikia habari za wakwe hawa tangu majira ya baridi. Alikuwa ameshanunua kofia ya arusi. Uso wake wote ulifunguka, akaiweka ndoo chini, akafuta mikono kwenye aproni kama mtu anayejiandaa kushikana mikono na watu.

"Alvin," alianza, "kumbe hawa ndio..."

"Mama," Alvin alimkata. "Naomba ufute hapa. Wageni wangu wasije wakateleza."

Hakupaza sauti. Kama angepaza sauti pengine ingekuwa afadhali, ingeonekana hasira au wazimu. Alisema kwa upole wa mtu aliyezoea kutoa amri, na alionyesha kwa kidole.

Earline alibaki na mikono ndani ya aproni. Alimtazama kwa muda ambao Alvin mpaka leo anaweza kuuonyesha urefu wake kwa kushika pumzi. Kisha alishusha macho.

"Sawa, bwana," alisema. "Samahani, bwana."

Akachukua tambara. Matope yaliyokuwa karibu na miguu ya mama Thelma yalikuwa yameshikamana, fagio la deki lenye mpini mrefu lisingeyatoa, na Earline, ambaye magoti yake yalikuwa mabovu na Alvin alijua ni mabovu, alipiga magoti na kuyafuta kwa mkono. Mama Thelma alirudi nyuma haraka, akasema ni kosa letu, mama, tusamehe, tungefuta viatu mlangoni. Earline akajibu kwamba hakuna neno, ndiyo kazi yake. Hakumtazama tena Alvin.

Daktari alikuwa bado anatazama dari. Hakuona kitu.

Katika lifti mama Thelma alitazama viatu vyake. Juu, kwenye roshani, upepo uliwapiga na mji wote ukawa chini yao: mto wa kahawia uliojikunja, matishari ya mizigo yakisukumwa taratibu, daraja, na upande wa kaskazini mabomba na moto wa kiwanda. Alvin alionyesha hiki na kile. Mdomo wake ulikuwa ukifanya kazi wenyewe. Daktari akamuuliza ofisi yake iko upande gani wa jengo, na Alvin, ambaye alishafika mahali ambapo uongo mmoja zaidi haukuongeza uzito, alielekeza mkono chini kwenye madirisha fulani na kusema ni pale, ghorofa ya nne. Ghorofa ya nne aliijua vizuri. Alikuwa akimwaga vikapu vyake vya taka.

Walipokuwa wanashuka mama Thelma alimuuliza, bila kumtazama, "Yule mama wa chini anaitwa nani?"

Lifti ilipita ghorofa kadhaa.

"Sijui hasa," alisema Alvin. "Wako wengi."

Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu, na Alvin Joubert alikuwa mtu aliyezoa maji maisha yake yote. Lakini alijua, mlango wa lifti ulipofunguka, kwamba haya hayazoleki. Earline hakuwapo tena ukumbini. Sakafu ilikuwa imekauka bila mchirizi hata mmoja.

Ziara iliendelea, kwa sababu hakujua namna ya kuikatisha. Aliwapeleka kwenye Bunge la zamani, ile ngome, na ndani yake kuna ngazi za mzunguko na paa la vioo vya rangi, mwanga unashuka buluu, nyekundu na manjano juu ya watu. Daktari alisema hajawahi kuona kitu kama kile. Mama Thelma alikaa kwenye benchi, rangi zikimtembelea mapajani, akasema miguu inamuuma. Kwa yule chui milia hakushuka hata garini. Alvin alisimama na daktari mbele ya uzio, wakimtazama mnyama amelala kivulini akiwapa watu mgongo, na daktari akanong'ona kwamba mkewe akinyamaza namna ile basi kuna jambo, lakini asijali, hupita.

Walikula mchana kwenye mgahawa mmoja wa kambare wa kukaanga. Hapo ndipo mama Thelma alipozungumza. Hakumlenga mtu. Alisema tu kwamba leo amemkumbuka mama yake. Mama yake alipofika Chicago alipata kazi ya kusafisha ofisi katika jengo kubwa la mjini, na aliifanya hadi mgongo ulipokataa. Kuna meneja mmoja, mtu mweusi kama wao, wa kwanza kupewa cheo pale. Wafanyakazi wote walimfurahia, mama yake alimpikia hata keki. Naye akawa hawezi kumsalimu mama yake Thelma mbele ya wazungu. Wakiwa wawili kwenye lifti anamwita mama. Mlango ukifunguka hamjui.

"Mama alikuwa akisema wazungu hawakumliza hata siku moja," alisema mama Thelma, akichambua miba ya samaki. "Huyo ndiye aliyemliza."

Daktari akasema hiyo hadithi hakuwahi kuisikia. Mkewe akamjibu kwamba hakuwahi kuwa na sababu ya kuisimulia.

Alvin aliweka uma chini. Anasema kambare yule aligeuka pamba mdomoni. Alitaka kusema. Alifungua kinywa, na alichosema ni kwamba anayehitaji chai ya barafu zaidi aseme.

Jioni wote walikusanyika nyumbani kwake Scotlandville. Odile alikuwa amepika gumbo tangu alfajiri, ule mchuzi mzito wa bamia, soseji na kamba, na nyumba nzima ilikuwa inanukia. Corinne alikuwa na furaha ya gauni. Aliuliza ziara ilikuwaje, na daktari akaanza kusimulia ngazi na dari na chui mvivu. Corinne akamgeukia mama Thelma, naye je, amependa nini.

"Mambo mengi ni mazuri," alisema mama Thelma. "Na baba yako ni mtu mkubwa pale. Nimeona jinsi anavyotoa amri."

Corinne alicheka, akidhani ni utani. Kisha akaona hakuna anayecheka naye.

"Amri gani? Baba, ulimwamuru nani?"

Wendell alimtazama Corinne. Odile, aliyekuwa na upawa mkononi, aliurudisha ndani ya sufuria polepole na kusimama palepale, mgongo kwao. Hakugeuka. Alvin alielewa kwamba mkewe hatamsaidia, na kwamba ana haki.

"Mimi ni msafishaji," alisema.

Daktari Hargrove alitabasamu kama mtu ambaye hajasikia vizuri.

"Napiga deki pale Bungeni. Namwaga taka. Sina ofisi ghorofa ya nne wala ghorofa yoyote. Nilikudanganya kwenye simu, daktari, na leo nimekudanganya mchana kutwa." Alisimama akashika mgongo wa kiti. "Na yule mama namjua jina. Ni Earline Dunbar. Ndiye aliyenifundisha kazi."

Corinne aliweka mkono mdomoni. "Bi Earline?" alisema. "Ulimfanya nini Bi Earline?"

Hilo lilimuuma kuliko yote. Mtoto huyu alikuwa amekula maharage ya Earline mama yake akiwa hospitali. Alvin akasimulia kwa maneno machache, na alipofika kwenye magoti akamalizia kwa kuonyesha sakafu.

Daktari alikohoa kwanza. Alisema, akijaribu wepesi, kwamba jamani, kazi ni kazi, yeye mwenyewe kutwa anachungulia midomo ya watu, nani angejali. Alikuwa mtu mwema na alisema kwa wema. Lakini mama Thelma alitikisa kichwa.

"Kazi yako hainisumbui, bwana Joubert. Ningekuwa mtu wa ajabu ikinisumbua. Mimi nimelelewa na kazi hiyo." Akafikiri kidogo. "Nasumbuka kwamba alipiga magoti mbele ya viatu vyangu, na mwenye viatu ni mimi. Umenifanya niwe nao upande mmoja. Wale waliokuwa wakimpita mama."

Alvin alisema anaomba radhi. Mama Thelma akajibu kwamba si yeye wa kuombwa kwanza. Kisha akamwambia Odile, kwa sauti nyingine kabisa, kwamba mchuzi unapoa na itakuwa dhambi juu ya dhambi. Wakala. Daktari aliongezewa mara mbili. Alvin alikaa mezani kama mgeni nyumbani kwake, na hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemkaribisha.

Kesho yake baada ya misa alikwenda kwa Earline. Mama Thelma alitaka kufuatana naye, Alvin akamwomba amwachie aende peke yake. Earline aliishi nyumba ndogo ya mbao si mbali na reli. Alikuwa barazani akimenya maharage mabichi kwenye bakuli, bado amevaa nguo za kanisani. Alimwona akiingia getini na hakuacha kumenya.

Alvin alisimama chini ya ngazi. Alikuwa ameandaa maneno njiani, yakampotea yote. Akasema, "Dada, nimekuja kukuomba msamaha. Nimewaambia kweli wote."

"Vizuri."

"Sina la kujitetea."

"Hapana, huna."

Maharage yalidondoka bakulini moja moja. Alvin alingoja akaribishwe kupanda, hakukaribishwa.

"Nikuambie kitu," alisema Earline hatimaye. "Kuniambia nifute hakukunikasirisha. Kufuta ndiyo kazi yangu, na hata gavana akiniambia nitafuta. Lakini uliponikata pale, nilikutazama usoni nikaona umeniogopa. Umeogopa nisije nikaonyesha kwamba nakujua. Miaka yote hii, mtu unaniogopa mimi?" Alitupa ganda kando. "Nilikuwa na maneno yangu ya kuwaambia wale watu, Alvin. Nimeyapanga tangu Krismasi. Kwamba wanaingia nyumba ya watu wazuri. Nilikuwa nimefika neno la tatu."

Alvin alilia, mtu mzima, pale uani, na majirani wanatoka kanisani. Earline hakumkataza wala hakumbembeleza. Alipomaliza kumenya aliinuka kwa taabu, akishika nguzo, Alvin akapiga hatua kumsaidia, naye akainua kiganja: simama hapo. Akasema amesikia, na amemsamehe kwa sababu Mungu hakumpa ruhusa ya kufanya vinginevyo, lakini asimwombe afurahi. Akaingia ndani na bakuli lake.

Kazini mambo yaliendelea, ila hayakuwa yale. Walipiga deki ukumbi uleule, na Earline alizungumza naye lililohitaji kuzungumzwa: sabuni imekwisha, choo cha ghorofa ya pili kimeziba. Chakula cha mchana alianza kula nje, kwenye benchi la bustani, akisema daktari wake amemwambia apate jua. Alvin alikula peke yake kati ya madebe. Wenzake waliuliza wawili hawa wana nini, na Alvin aliwaambia, kila aliyeuliza, bila kupunguza. Alidhani kusema kutapunguza uzito. Kulimpa tu watu wengi zaidi wa kutotazamana nao machoni.

Kwenye arusi Earline alikuja. Hilo Alvin hakulitegemea. Alikaa viti vya nyuma kanisani, na kofia ya zambarau iliyokuwa na ukingo mpana kama sinia. Corinne, alipokuwa anatoka na mumewe, aliacha mstari, akaenda hadi pale nyuma na gauni lake lote, akamkumbatia mpaka kofia ikaenda upande. Ukumbini mama Thelma alimtafuta mwenyewe. Waliketi pembeni wakiwa wamesogezeana viti, na walizungumza muda mrefu, mara wakicheka, mara mmoja akimshika mwenzake mkono. Bendi ilipopiga na watu wakainua leso kucheza kuzunguka ukumbi, kama ilivyo desturi ya huko, wao wawili hawakuinuka. Alvin aliwatazama kutoka meza ya familia. Hakuwahi kujua walizungumza nini. Aliwahi kumuuliza mama Thelma, miaka ilipopita na wao wakawa wamezoeana na kutaniana kama wakwe wanavyotaniana, naye akamjibu kwamba kuna mambo si ya utawala wa jengo.

Alicheka alipoambiwa hivyo. Alicheka kwa sababu meza nzima ilicheka, na masikio yakamwaka moto.

Earline alistaafu kabla yake, magoti yalipokataa ngazi. Kiangazi kilichofuata Alvin alipita mtaa ule akaona majani ya ua wake yamefika kwenye dirisha. Siku ya pili akaja na mashine ya kukata majani nyuma ya gari. Hakubisha hodi. Alikata, akafagia, akaondoka. Pazia lilisogea mara moja tu. Akaja tena baada ya wiki chache, na tena, kiangazi kizima na kilichofuata. Earline hakumfukuza, na hakutoka.

Wageni wa Chicago wakija sasa, maana wanakuja, na wajukuu juu yake, ni Odile anayewapeleka Bungeni. Alvin hubaki nyumbani akisema ameliona jengo lile kiasi cha kumtosha. Wajukuu hudhani ni utani wa mzee.

Mwaka jana, siku moja ya joto lile la Agosti linalofanya lami ilainike, alikuwa amemaliza kukata na anapakia mashine garini aliposikia mlango wa wavu unafunguka. Earline alisimama barazani akiwa na fimbo mkono mmoja na glasi ya maji ya barafu mkono mwingine. Aliiweka glasi juu ya ukuta wa baraza. Alitazama ua kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, kama alivyokuwa akitazama sakafu.

"Pale kwenye uzio umeacha," alisema.

Alvin akasema ndiyo, ameacha. Akaishusha mashine, akaenda kukata.